Matanga ya Mwani

Leo nimeaibika, wenzangu, tena mbele ya wakubwa wa Chama.

Mnajua kazi yangu kule chuoni Kasapa: kukoroga kidimbwi cha mwani, ule wa kijani unaokaushwa na kuliwa. Asubuhi profesa wetu akaniambia:

— Mama Ngoie, bakubwa banakuja kuangalia. Bakikuta mwani imekufa, kazi imeisha. Mi na we, kwetu!

Akaenda kuwapokea. Mara upepo ukabeba kivuli chetu cha nyasi kilichofunika kidimbwi. Yesu! Maji yalikuwa bado ya baridi, jua kali. Hapo ndipo mwani huumia: mwanga unauzidi nguvu, oksijeni inageuka sumu na kuuunguza kutoka ndani. Tayari kijani kilianza kuwa manjano.

Nikatafuta kitu cha kufunika. Hakuna. Nikajitazama. Kipo! Kikwembe changu, kitambaa cheusi cha kilio nilichojifunga. (Marehemu bwana yangu, unisamehe.) Nikakivua, nikakitandika juu ya kidimbwi, nikabaki na jupo, sketi ya ndani. Nikaketi chini, ndoo mapajani kuificha, mkono mmoja unakoroga.

Kidimbwi chetu ni kirefu na chembamba. (Ningalifikiri hilo mapema.)

Wageni wakafika na kina mama wanaocheza kukisifu Chama, ngoma zinalia. Wakaona kitu kirefu kimefunikwa kitambaa cheusi, na mjane ameketi kando, kichwa kimenyolewa. Ngoma zikanyamaza. Mkubwa wao akavua kofia, akaniita mwananchi, kwa Kifaransa, kama Chama kinavyotaka.

— Pole, citoyenne. Nani alikufa?

Uongo siuwezi.

— Bwana yangu, citoyen.

Yowe! Kina mama wote chini, wanajigaragaza. Na mimi nikalia. Siku ya mazishi machozi yalinigomea; leo yakaja yote.

Profesa akaja mbio, uso umemshuka.

— Mama Ngoie! Imekufa?

— Hapana, Profesa! Iko muzima! Iko inapumuzika tu!

Mkubwa akainua pembe ya kitambaa kwa vidole viwili, akachungulia ule uji wa kijani.

— Citoyenne... bwana yako iko humu?

Nikasimama upesi kueleza. Ndoo ikaanguka. (Jupo, wenzangu. La maua mekundu.)

Mkubwa alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema mwani ni mzima, kazi iendelee.

Basi kazi ninayo. Lakini habari imefika mtaani kwetu Katuba kabla yangu, na jirani ameshaleta unga wa matanga ya mwani. Jamani, pole za bwana yangu nazipokea. Za mwani, bakini nazo.