Ripoti Yetu Juu ya Mateso ya Kanada

Serikali yetu tukufu, baada ya kuvumilia sana, ilitangaza mwaka wa 1994 kwamba kuanzia sasa nasi tutachunguza haki za binadamu katika nchi za watu. Kila mwaka wazungu walikuwa wanatuandikia ripoti nene kuhusu jela zetu. Sasa zamu ilikuwa yetu. Tukaanza na Kanada, kwa sababu ofisi tayari tulikuwa nayo huko.

Ofisi yenyewe ni vyumba viwili pale Don Mills, na mkubwa wake ni Bwana Kinoti, Mwambata wa Serikali, Toronto. Mimi nikateuliwa Katibu wa Uchunguzi. Nilikuwa nimesoma sayansi ya siasa chuo kikuu nikaachia katikati, na Bwana Kinoti alisema hiyo inatosha kabisa, maana waliomaliza huwa wanauliza maswali.

Ripoti ya kwanza aliandika mwenyewe. Alikuwa ameshuhudia mzungu mzima, na suti yake, akimfuata mbwa barabarani na kuokota mavi yake.

"Huo ni utumwa," aliniambia. "Andika utumwa."

Pia tuligundua kwamba ndani ya lifti raia wa Kanada hawasalimiani. Wanatazama namba tu, kwa hofu.

Makao makuu yakajibu kwa faksi: kazi nzuri, lakini tunataka mashahidi wenye midomo. Mtuletee binadamu aliyenyimwa haki na serikali, akiwa katika ardhi ya Kanada.

Basi tukaitisha kikao Crescent Town, mtaa wanakoishi watu wetu wengi, kwenye ukumbi wa chini, pilau na kuku. Watu wetu wakajaa. Bwana Kinoti alikuja kama mgeni wa heshima: akachelewa, akahutubia, akapakuliwa, akaondoka kwa shughuli nyingine za kitaifa. Mgeni wa heshima akikaa mpaka mwisho, watu wanaanza kushuku kama kweli ni mkubwa.

Nikabaki na mashahidi. Wa kwanza alikuwa Jepkosgei, anayefanya kazi kwenye nyumba ya wazee.

"Mama Prudence, umenyimwa nini?"

"Pasipoti. Nilipeleka wanibadilishie tangu Februari. Sasa viza ya Prudence imetoka, aje tuishi naye. Ana miaka sita, hawezi kupanda ndege peke yake, lazima niende nimchukue. Na viza inaisha mwezi huu."

"Hao wenye pasipoti wanasemaje?"

"Hawasemi kitu. Iko kwa droo. Nimeiona na macho yangu. Anafungua droo, anatoa njugu, anafunga."

"Kosa lako ni lipi?"

"Ati sikusimama picha ya Rais ilipoingizwa kwa sherehe. Ndugu yangu, nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Hata angeingia yeye mwenyewe na miguu yake, ningemsalimia nikiwa nimekaa."

"Na hiyo droo iko wapi?"

"Don Mills. Si unaijua?"

"Niambie kama sijui. Mimi ni Katibu."

Akaniambia kama sijui. Akafuata Philip, mwanafunzi: droo ileile. Akafuata nesi Nkirote: droo ileile, na njugu zilezile. Hali ya haki za binadamu Kanada, kusema kweli, ilikuwa mbaya.

Nikaandika kitaalamu. Ripoti za wazungu mara nyingi hazitaji mtu, zinasema tu "mamlaka". Nami nikasema mamlaka. "Jijini Toronto, mamlaka inashikilia pasipoti za raia ndani ya droo ya njugu, na mtoto wa miaka sita anazuiwa kumwona mama yake." Bwana Kinoti akaipima ripoti kwa mkono, akaridhika na uzito.

"Kanada imetajwa humu?"

"Kila ukurasa, mkubwa."

Akatia sahihi.

Waziri aliisoma mbele ya waandishi wa habari, wa ndani na wa nje. Alipofika kwenye habari ya mtoto akatoa kitambaa na kulia kidogo. Akasema serikali inayoficha pasipoti za watu haina haya. Akataka pasipoti zote zitoke kabla ya Ijumaa jioni, na afisa aliyehusika naye anyang'anywe yake, popote alipo, ili aonje. Kanada ikajibu kwa adabu kwamba iko tayari kusaidia, ila inaomba kuelekezwa hiyo droo iko wapi.

Bwana Kinoti akaniita.

"Kijana, hii droo ni yangu."

"Ripoti haijataja mtu, mkubwa."

"Kanusha."

"Nimkanushe Waziri? Na amelia kwa televisheni?"

Akaifunga droo. Kumkanusha Waziri ni kesi nyingine.

Ijumaa Jepkosgei aliingia na sanduku lake kabisa. Bwana Kinoti akampa pasipoti kwa mikono miwili, ameshaipangusa maganda ya njugu. Jepkosgei akaifungua, akahakikisha picha ni yake, akaisukuma chini kabisa ya mkoba. Halafu akachungulia droo.

"Na hiyo iliyobaki ni ya nani?"

"Yangu. Agizo la Waziri."

"Sasa mkubwa utasafiri vipi?"

"Ndiyo hivyo."

"Pole sana. Nipeleke salamu gani nyumbani?"

"Usiseme umeniona."

Akaburuta sanduku lake mbio, basi la uwanja wa ndege halimngoji mtu. Mlango ulipofungwa, nilimvutia Bwana Kinoti kiti cha upande ule wanaokaa wananchi, nikachukua kalamu, nikamuuliza kama angependa jina lake litajwe au tuandike tu shahidi.