Dirisha la Chuma la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Mama mkwe kafika leo. Kifua. Daktari kasema alale chumba chenye joto, basi. Mimi ni fundi wa madirisha ya chuma, na la chumba cha wageni nimelichomelea mwenyewe. Fahari yangu! Asubuhi linatoka jasho, maji yanachuruzika hadi kwenye mto. Shemeji, kaka wa mke wangu, seremala, kaigusa fremu kwa kidole kimoja kisha akakipuliza kama kimeganda. Akasema Ijumaa anamhamishia mama yake kwake, kwenye madirisha ya mbao. Mama mkwe ndiye mtu pekee anayecheka vichekesho vyangu. Haondoki! Nikaapa mbele ya wote: kabla ya Ijumaa, dirisha la chuma lisilopitisha baridi, na kioo anachoweza kukibadilisha mtu yeyote bila kuita fundi. Mke wangu akauliza, wasipoita fundi, sisi tutakula nini. Nikaenda kutafuta kalamu. Mabingwa hawajibu.

Jumanne, 4 Juni
Nimechora mpaka kalamu ikaisha wino. Fremu mbili, ya nje na ya ndani, zisigusane: katikati raba, baridi ikifika hapo ikose njia. Vioo viwili, hewa kati yake. Kila kioo kinashikwa na vishikizo vinne. Zungusha, toa, weka kingine, zungusha. Hata mtoto! Raba ya dukani ni nyembamba. Nimepekua nyumba nzima. Kandambili za mke wangu zina unene uleule hasa, kana kwamba mwenye kiwanda aliniwaza. Jioni kauliza ziko wapi. Nikamwambia ziko kwenye utafiti. Akasema utafiti ujinunulie viatu vyake.

Jumatano, 5 Juni
Limekaa! Mama mkwe kaweka kiganja kwenye chuma, kakiacha hapohapo. Akasema, "Chuma kimevaa soksi, mwanangu." Nikajifanya nimeingiwa na vumbi jichoni.
Ningeishia hapo. Lakini shemeji kaja, na mdomo wangu hauna breki. Nikamsimamisha nje aone kioo kinavyobadilishwa. Nikazungusha vishikizo vinne, nikainua mikono yote miwili kuonyesha ilivyo rahisi. Mikono hiyohiyo ndiyo iliyopaswa kushika kioo. Kioo chini, vipande vipande, miguuni pa shemeji! Akajikung'uta vipande viatuni, kimoja kimoja. Afadhali angesema. Kioo cha akiba sikuwa nacho, nikakata cha kabati la vyombo. Dakika tatu, kimeingia! Hakuna aliyepiga makofi. Mke wangu alikuwa analitazama kabati.

Alhamisi, 6 Juni
Ukungu kati ya vioo. Mama mkwe anaiona dunia kama yuko ndani ya maziwa. Nikakumbuka watu hutia punje za mchele kwenye kikebe cha chumvi isishike maji. Basi, konzi moja ya mchele kati ya vioo. Saa nne, sisimizi wa kwanza. Saa sita, jeshi zima, wanabeba mchele na kupanda nao kiooni. Shemeji kanipongeza kwa kuvumbua televisheni.
Ila mama mkwe! Kavuta kiti, kawapa sisimizi majina. Mmoja mnene, anayezunguka tu bila kubeba kitu, kampa langu. Kacheka hadi akashika mbavu. Kacheka bila kukohoa! Mke wangu alisikia, akasimama mlangoni na mwiko mkononi, machozi yanamlengalenga.

Ijumaa, 7 Juni
Shemeji kaja na begi la nguo. Nikazuia mlango wa mbele, akapitia wa nyuma. Tukapandishiana sauti sebuleni. Ghafla yake ikakatika. Akasema baba yao aliondoka duniani kwa kifua hikihiki, na yeye alikuwa safarini. Nikamvutia kiti.
Mama mkwe akatoka na shuka begani, akasema yeye si fenicha ya kugombewa na mafundi. Akaongeza kwamba panapopita sisimizi hupita na unyevu. Mmoja ana chuma, mwingine ana mbao, na dirisha ndilo lile. Akarudi kulala.
Tumeshinda kazini. Shemeji karanda vipande vyembamba vya mbao, kavibana juu ya raba pande zote, usipenye hata uzi. Tumefagia mchele na sisimizi, vioo tumevikausha juani, tukavirudisha bado vina joto. Vishikizo vyangu hakuvigusa. Mwishoni kasema, akitazama pembeni, kwamba wazo si baya. Nikamwomba arudie. Kakataa.

Jumapili, 9 Juni
Ukungu hakuna! Kikohozi kimebaki cha kubishia hodi tu. Asubuhi nimemkuta mama mkwe kazungusha vishikizo, vioo vyote viwili kavilaza kitandani, yuko dirishani anapiga soga na jirani mshona nguo. Baridi yote ndani! Nikalalamika. Akavirudisha mwenyewe, kimoja kimoja, huku anaendelea kuongea kwa ishara. Kasema anabaki kwetu mpaka mwezi uishe. Shemeji kakubali, atakuwa anapita kila siku. Mke wangu kanipapasa kichwa, kaniomba jambo moja tu: kinachofanya kazi nisikiguse. Nimeahidi kwa moyo wote.
Mchana mama mkwe, kajilaza, kasema angependa kuona mawingu. Kasema kwa kupita tu. Dirisha halifiki huko. Lakini paa! Kioo juu ya kitanda, vishikizo vinne! Nimepanda kupima, nikajikuta nimeshakata. Naandika nikiwa hukuhuku juu. Tundu si kubwa, kama meza ya watu wanne. Mama mkwe ananipungia mkono kutoka kitandani. Na mawingu anayaona vizuri kabisa: meusi, mazito, yanakuja upande wetu.