Mashine ya Ndevu na Kiti cha Oqsoqol

Jumatatu, 2 Septemba

Kosa la watu wengi ni kumkabidhi kinyozi uso wao bila kuuliza ameoa wapi. Kinyozi wetu Yoʻldosh amemwoa binti wa Sotvoldi-aka. Sotvoldi-aka, yaani kaka Sotvoldi, ndiye mpinzani wangu! Jumapili mtaa wetu hapa Margʻilon unachagua oqsoqol mpya, maana wa zamani amehamia kwa mwanawe Toshkent. Niweke koo langu chini ya wembe wa mkwe wa mpinzani? Hata kidogo.

Jambo lenyewe nalieleza taratibu, kama nilivyowaeleza wanafunzi mito na milima. Oq ni nyeupe. Soqol ni ndevu. Mkuu wa mtaa anaitwa Ndevu Nyeupe, basi watu hutazama kidevu kabla ya akili. Sotvoldi-aka, muuza matikiti, anazo mpaka kifuani. Zangu ni nyeupe pia, ila zimeota kama nyasi za uwanja wa mpira: pembeni tele, katikati upara. Zikipangwa vizuri zitashinda.

Nimenunua mashine ya umeme sokoni. Muuzaji ameapa kuwa inapunguza, inanyoa kabisa, inafanya kazi ngozi ikiwa kavu au imelowa. Mke wangu Muqaddas akauliza kama inaosha na vyombo.

Jumanne, 3 Septemba

Majaribio. Mtu makini haanzi na uso wake. Nimeanza na kola ya manyoya ya koti la baridi la Muqaddas. Matokeo: meno makali, hayavuti nywele, mlio wa nyuki ndani ya kopo. Inashikika vizuri hata mkono ukiwa na maji. Alama za juu! Kola sasa ina barabara katikati. Nimeligeuza koti, barabara ikatazama ukuta. Baridi bado iko mbali.

Kazi ingekwenda haraka zaidi kama si watu getini. Mara majirani wawili wanaogombea zamu ya maji ya mfereji, mara bibi harusi aliyesusa. Wote wanamtaka Muqaddas awapatanishe. Nikamwambia avumilie, kuanzia Jumapili watakuja kwangu. Akasema sawa, Baba Nodira, akavaa viatu vya mpira akaenda mferejini.

Jumatano, 4 Septemba

Siku ya uso. Yoʻldosh hunipunguza kwa namba tatu, miaka yote. Nikaweka tatu. Nikaanza shavu la kulia, kwa mkono thabiti.

Nieleze. Tatu ya kinyozi ni namba ya kichana, nacho huacha ndevu za kushikika. Tatu ya mashine hii ni milimita tatu. Milimita! Imeandikwa kwenye karatasi ya maelezo, ambayo mtu aliyefundisha maisha yake yote hakuona haja ya kuisoma.

Shavu la kulia: kapeti. Shavu la kushoto: bado mzee wa heshima. Nimejifunga shuka usoni. Nimemwambia Muqaddas ni jino.

Mashine yenyewe haina kosa. Inakata sawasawa.

Alhamisi, 5 Septemba

Pilau ya harusi, alfajiri kama ilivyo desturi ya hapa. Kutokwenda ni kumwachia Sotvoldi-aka uwanja. Nikaenda na shuka yangu. Nikala kwa upande wa kushoto, punje moja moja.

Sotvoldi-aka akapaza sauti meza nzima isikie: “Mwalimu, jino moja tu limevishwa shuka nzima? Likiuma taya utavaa zulia?” Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Halafu, kwa unafiki mkubwa, akaniletea chumvi ya moto kwenye soksi nijikandie shavu. Soksi safi, nakiri. Ikanisaidia hata jino ambalo haliumi.

Nyumbani nikasawazisha kushoto. Kukawa chini kuliko kulia. Nikasawazisha kulia.

Ijumaa, 6 Septemba

Nusu ya ndevu ni aibu, lakini kidevu kitupu ni msimamo. Nimeweka kichwa cha kunyolea kilichokuja na mashine na nikanyoa kila kitu. Kazi safi! Hakuna kuchubuka, hakuna damu, ngozi kama yai. Kwa matumizi ya kila siku naipendekeza bila wasiwasi.

Kwenye kioo nimemkuta marehemu mjomba wangu, yule aliyefukuzwa kazi ya posta.

Sijakata tamaa. Nitawahutubia. Nitawathibitishia kuwa weupe wa ndevu ni weupe wa moyo.

Jumamosi, 7 Septemba

Muqaddas ameliona koti. Amelitundika upya, barabara ikitazama chumba. Hapo ndipo pabaya.

Nimefanya mazoezi ya hotuba chini ya mzabibu. Kuku wamesikiliza vizuri.

Jumapili, 8 Septemba

Mtaa mzima umekusanyika kwenye mgahawa wa chai. Nikavua shuka. Moʻminjon-ota, mzee kuliko wote, akauliza huyu kijana ni mtoto wa nani, mbona hajasalimia.

Sikutetereka. Nikasema kwa utaratibu, hoja baada ya hoja. Kwamba ndevu hazijawahi kupatanisha mtu na jirani yake. Kwamba mbuzi naye anazo, na hatumwiti mfereji ukiziba. Kwamba oqsoqol ni yule anayefuatwa watu wakigombana, hata kidevu chake kiwe kitupu! Watu wakatikisa vichwa kukubali. Sotvoldi-aka mwenyewe akazishika zake kana kwamba zimemzidi uzito. Niliwaona wakija upande wangu, mmoja mmoja. Sijawahi kufundisha somo likaeleweka hivi.

Ndipo mama mmoja akasema kutoka nyuma: “Mwalimu kasema kweli tupu. Kama ndevu si lazima, tunahangaika nini? Si yupo Muqaddas-opa, dada yetu!”

Mikono ikapanda. Ya wale wa mfereji, ya bibi harusi na mumewe, ya Yoʻldosh. Sotvoldi-aka alinyoosha yote miwili, akaambiwa ashushe mmoja. Muqaddas akasimama. Akasema anakubali, na kwamba jambo la kwanza atakalosikiliza ni kesi ya koti.

Mkono wangu nao ulikuwa juu. Sijui ulipandaje.

Jumatatu, 9 Septemba

Watu getini tangu asubuhi. Nimepika chai mwenyewe.

Nimetafakari kwa utulivu. Hotuba ilikuwa timamu. Ndevu hazikuwa tatizo, hilo limethibitishwa mbele ya mtaa mzima. Tatizo ni nyusi. Zimening'inia, zinanipa sura ya mtu asiyesikiliza wengine. Chini kabisa ndani ya boksi la mashine nimekuta kichana kidogo, na nadhani ni cha kazi hiyo hiyo. Karatasi ya maelezo nimeiwekea birika juu yake.

Leo, kabla chai haijapoa: punguza nyusi. Anza na ya kushoto.