Kadi Isiyo na Mwenzake

Jumatatu, 5 Machi 1979

Theluji. Gari limekataa kuwaka, nimechelewa kazini. Si neno. Kiti cha Msanifu Mkuu wa kompyuta yetu mpya kiko wazi, na Ijumaa Bwana Haverty, mkurugenzi, anatangaza nani atakikalia. Ni mimi, Orrin Babcock, au Thelma Kowalczyk. Nasema "au" kwa adabu tu.

Thelma anahubiri moduli asubuhi hadi jioni. Kila kadi ya mashine, yaani kibao chenye saketi zake, ifuate kitabu cha vipimo, ing'oke, ichomekwe nyingine, mtu asijue tofauti. Maskini! Haoni kwamba mwenye kadi ya kubadilishwa naye hubadilishwa? Yangu haitakuwa na mwenzake.

Jumanne, 6 Machi

Nimefanya! Kadi yangu ya kumbukumbu sasa ina nyaya ishirini na tatu za buluu, nimezilehemu kwa mkono. Hata moja haimo kwenye mchoro. Mashine inakimbia maradufu! Thelma akauliza mchoro mpya uko wapi. Nikajigusa kichwa: uko humu.

Akasema, "Basi usije ukapata mafua, kaka." Wivu tu.

Jumatano, 7 Machi

Stoo wanadai akiba ya kila kadi kwa ajili ya onyesho la Ijumaa. Nimewapa ile yangu ya zamani, isiyo na nyaya. Haikufuata kitabu wala haiwaki bila nyaya, lakini nani ataijaribu? Kila mwaka Haverty hung'oa kadi moja mbele ya wateja, huchomeka ya akiba, na mashine lazima iamke kabla kahawa yake haijapoa. Lakini miaka sita mfululizo ameng'oa ya juu kabisa. Ana kitambi, hapendi kuinama. Yangu nimeiweka chini kabisa. Akili ni mali!

Ijumaa, 9 Machi

Haverty amekonda! Kumbe daktari alimkataza donati tangu Krismasi, na mimi ni nani niambiwe? Kachuchumaa bila kushika meza, kafungua kabati la mashine, kang'oa yangu, kachomeka ya akiba. Mashine kimya. Kahawa ikapoa. Wateja wakatazama viatu vyao.

Nikaeleza kwa utulivu kwamba huu ndio ushahidi: kadi yangu haina mbadala. Haverty akasema, "Babcock, nyamaza kidogo, tafadhali."

Thelma akatoa kwenye mkoba kadi aliyoitengeneza mwenyewe kwa kufuata kitabu, neno kwa neno. Ikachomekwa, mashine ikaamka. Polepole, na niliona ni haki wateja walijue hilo. Thelma akajibu kwamba ya kwangu ilikuwa na mbio sana, ila haikufika.

Msanifu Mkuu ni yeye. Imeniuma. Hata supu ya kombe wa baharini jioni sikuweza kuimaliza.

Jumatatu, 12 Machi

Nimehamishiwa idara ya makabati ya mashine: milango, bawaba, skrubu. Saa tatu niliondoka mezani kwangu. Saa tatu na robo mama mmoja kutoka mji wa Worcester alikuwa amekaa pale, anafanya kazi yangu, na hakuna aliyeinua kichwa.

Thelma alipita kunitakia heri. Mtu muungwana, lazima nikiri. Akaniuliza, "Umejifunza lakini, Orrin?"

Nikamwambia sana! Kosa langu nimeliona: niliacha kabati lifunguke. Leo nimeanza kuchora skrubu mpya ya mlango. Bisibisi inayoiingia itakuwa moja tu duniani, nayo itakaa mfukoni mwangu.