Tanuru la Kale la Mama Minza

Kitengo cha Utambuzi wa Vitu vya Kale na Vinavyofanana Navyo, ambacho mimi Meshack ni Kaimu Mratibu wake, kilifurahi kuutangazia umma wote wa Sumbawanga kwamba tumegundua tanuru la mababu la kuyeyushia chuma, lenye umri usiopungua miaka mia nne, nyuma ya banda la Mama Minza, jirani na uwanja wa mnada wa ng'ombe.

Kila mtu anajua kuwa hapa Ufipa matanuru ya namna hiyo yamesimama porini tangu enzi za mababu: marefu, ya udongo, yenye matundu chini ya kupitishia upepo. Na hili lilikuwa refu, la udongo, na matundu lilikuwa nayo. Mnataka ushahidi gani tena? Nililigundua nikiwa garini, tena dirisha limefungwa.

Siku ileile tukalizungushia uzio wa mabanzi na kutangaza kwamba kuwasha moto ndani ya urithi wa taifa ni kosa. Mama Minza akatoka bandani mbio.

"Shikamoo, mheshimiwa. Hilo ni jiko langu la nyama choma!"

"Marahaba. Lilikuwa lako. Sasa ni la vizazi."

"Jamani, nimelijenga mwezi uliopita! Hata moto halijaonja!"

"Mama, umri wa kitu cha kale hausemwi na mtu mwenye maslahi."

Akaanza kueleza bila kupumua: ndani kuna pipa la lami lililokatwa nusu, wavu umesukwa kwa spoku za baiskeli, mlango ni chuma chakavu kilichopakwa udongo, na udongo wenyewe ni wa kichuguu, umekandikwa na jirani yake, Mzee Leonardi. Kwa kuwa Kitengo husikiliza pande zote, tulimwita mzee.

"Kweli, nimelikandika mimi," akasema. "Upepo unaingia wenyewe, hupulizi. Babu yangu alijenga hivihivi."

"Umesikia?" nikamwambia katibu wangu, Herieth. "Andika: shahidi amethibitisha ni la babu yake."

Mzee alicheka mpaka akashika nguzo ya uzio. Minza hakucheka. Mume wake alishafariki, na katika ng'ombe wote waliotoka nao Usukumani alibakiwa na dume mmoja tu, wa kuchinjwa Jumamosi, siku ya mnada.

"Nikiukosa mnada huu nyama inaniozea, na ng'ombe mwingine sina," akasema. "Watoto wangu watakula huo uzio wenu?"

Nilimhurumia sana, nikamwahidi semina.

Watu wasidhani sisi tunakaa raha. Ofisini mlango wa choo cha watumishi ulikuwa kwenye matengenezo tangu masika, kwa hiyo anayeingia analazimika kuimba mfululizo ili wenzake wajue kuna mtu. Mimi huimba nyimbo za kwaya. Tumevumilia, maana taifa kwanza.

Jumamosi ikafika, na pamoja nayo mgeni rasmi, Mama Epifania, kutoka ngazi za juu. Alikuwa ameondoka kwake alfajiri bila hata chai. Mnada ulifurika watu, lakini hakuna aliyekuwa anatafuna, maana jiko pekee la nyama lilikuwa ndani ya uzio wetu. Dume wa Minza alikuwa ameshachinjwa kwa matumaini kwamba tungeondoa uzio, minofu inaning'inia bandani, na yeye mwenyewe anafukuza nzi kwa tawi huku machozi yanamlengalenga.

Nilimweleza mgeni kila kitu. Nilimwonyesha spoku kupitia matundu, nikathibitisha kuwa Mfipa aliijua baiskeli kabla ya Mzungu. Watu walipiga makofi, Herieth akiwa ameshawaanzishia.

"Na huu, mheshimiwa, ni mlango wa mababu. Kwa heshima na taadhima, ufungue."

Mama Epifania akauvuta. Upande wa ndani haukuwa na udongo. Ulikuwa na maandishi ya rangi nyeupe. Akayasoma, na kipaza sauti kiko mkononi: "Choo cha Watumishi. Wageni hawaruhusiwi."



"Mababu walikuwa na watumishi?" akaniuliza.

"Mheshimiwa, utafiti bado unaendelea..."

"Mlango huo niliuchukua kwa Isdori wa vyuma chakavu," Minza akasema, akisogea mbele na tawi lake.

Isdori alikuwepo, ana njaa kama wengine. Akanyoosha mkono kabla hajaulizwa. "Na mimi alinipa Kaimu Mratibu mwenyewe. Nilimpa jogoo mwekundu."

"Jogoo yuko wapi?" mgeni akauliza.

"Aliliwa kwa kufuata utaratibu," nikajibu.

Mama Epifania alinitazama, akaitazama minofu, akalitazama jiko. "Vunjeni uzio," akasema. "Mama, washa moto."

Mabanzi yetu yakageuka kuni hapohapo. Nilijitahidi kutetea sheria: mlango ni mali ya umma, lazima urudi ofisini.

"Kwani umma si huu hapa?" mgeni akasema, na umma ukapiga vigelegele. "Mlango ubaki unakofanya kazi. Wewe nunua mwingine kwa mshahara wako. Mpaka siku hiyo, choo chenu kikae hivyohivyo."

Tanuru lilivuta upepo lenyewe, kama mzee alivyosema. Nyama iliisha mapema, na Minza akaenda na hela yake mnadani kuchagua mtamba wa kuanzia kundi upya. Mzee Leonardi alikula mbavu hata akasahau kucheka. Kabla nyama haijaisha, mimi nami nilipanga foleni kama raia yeyote. Zamu yangu ilipofika, Minza alinikatia mnofu mzuri, akakataa hela yangu.

"Chukua tu, mheshimiwa. Huo ni wa miaka mia nne."

Ulikuwa laini.

Umma unaarifiwa kwamba Kitengo kinaendelea na majukumu yake, na mlango mpya uko kwenye mchakato. Ukipita nyuma ya ofisi yetu ukasikia besi ya kwaya, tafadhali usigeuke. Ni mimi, niko kazini.