Madaraja ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Naomba radhi kwa mwandiko huu. Naandika kwa hasira. Shemeji, fundi saa, mdogo wake marehemu mke wangu, amenishinda mara ya nne mfululizo katika mchezo wa visiwa kwenye kompyuta za maktaba. Kisha akaniuliza mbele za watu kama ningependa acheze kwa mkono mmoja, nisije nikapandwa na presha. Ana miaka sabini na mmoja! Alhamisi tutamaliza ubishi, na mshindi atakipa jina kisiwa kipya cha mchezo. Mimi ninalo: Bibi Vitabu. Ndivyo watu walivyomwita marehemu, aliyeitunza maktaba hii miaka ishirini na miwili. Shemeji naye ana jina lake. Nilipomwuliza kwa adabu, alisema nitalijua nikishagaragazwa. Bila shaka ni la kwake mwenyewe. Mtu huyu ameandika jina lake hata kwenye mwavuli.

Jumanne, 4 Machi
Mkutubi, binti mpole, amenieleza kwamba mchezo huu ni wa bure, na si bure tu: maandishi yote yanayouendesha yako wazi. Yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyageuza na kuwagawia wenziwe. Nilimwomba arudie. Watu wasionijua wamekijenga kitu kizima, kisha wakaniachia funguo zote. Nilipiga taipu miaka thelathini na minane katika ofisi ya misheni, wala sikuwahi kukabidhiwa ufunguo wa kabati la karatasi. Nilivua kofia. Nilipoirudisha kichwani, tayari nilikuwa na hila.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji hutegemea madaraja kuvusha watu wake toka kisiwa hadi kisiwa. Nimeupata mstari unaotaja uimara wa daraja katika nakala ya maktaba: themanini. Nimeandika nane. Kazi ya dakika moja. Hapo kikafunguka kisanduku kikiniomba nieleze nimebadilisha nini na kwa nini. Nimelelewa kujibu ninapoulizwa. Nikaandika aya tatu, nikaomba radhi, nikatia jina na tarehe.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu tupu. Kumbe maelezo yale humtokea kila anayefungua mchezo. Shemeji aliyasoma kwa sauti ya mhubiri mbele ya wasomaji tisa, hadi pale niliposema nimeyadhoofisha madaraja yake kwa kuwa siwezi kumvumilia tena, na aniwie radhi. Akasema barua ni safi, shemeji, haina hata kosa moja la taipu. Kisha hakujenga daraja lolote. Alivusha watu wake kwa vivuko. Mimi, kwa mazoea, nilijenga madaraja sita. Yote yakaanguka. Sikuwa nimefikiri kwamba badiliko lile lingenihusu na mimi. Nimeshindwa mara ya tano.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji ameandika jina: Kisiwa cha Bibi Vitabu. Nililisoma mara mbili. Akaniuliza kwani nilidhani nani alimfundisha kusoma, kama si dada yake. Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono nimpongeze nilipoona alichoongeza chini yake: kwa kumbukumbu ya dada yangu mpendwa. Basi! Miaka arobaini na minne ya ndoa, na mume hakutajwa hata kwa herufi. Niliurudisha mkono mfukoni. Mkutubi akatusihi tusigombane; mtu yeyote, alisema, anaweza kuongeza visiwa mia moja katika mchezo huu na kuvipa jina alipendalo, hivyo shindano letu halikuhitajika tangu mwanzo. Nilimshukuru sana. Sikumsikiliza.

Jumamosi, 8 Machi
Kisiwa cha marehemu kina gati moja tu. Asubuhi, maktaba ilipofunguliwa, nimelifuta, ili shemeji asikanyage pale. Nikataka kwenda kumsalimu mke wangu mimi wa kwanza. Nilikizunguka kisiwa kwa kivuko mara tatu, sikuona pa kushukia. Si neno. Kisanduku kiliniuliza sababu. Nimekijibu kwa upole wote, aya tano, nikamwomba shemeji radhi mapema, nikatia jina na tarehe.