Kiti cha Lori

Redio ya Mama Kahawa ndiyo iliyoanza uchokozi. Ilitangaza kwamba jeshi linaandikisha vijana, na asiyeweza mbio na pushapu abaki kwao, asiwapotezee watu muda.

"Hapo wamemsema mtu," alisema Spika, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, aliyebandikwa jina hilo kwa kupenda kusimamia sheria zisizomsaidia yeyote. "Simtaji. Ila yuko kwenye benchi hili na mkate umemjaa mdomoni."

Lori akameza haraka. "Mwaka huu naenda tena."

"Uende wapi? Mwaka jana ulikimbia mpaka wasimamizi wakaanza kukunja viti."

"Nilikuwa na mafua."

"Mafua ya magoti," alisema Mama Kahawa, akimimina.

Mjomba Soli, fundi viatu, alicheka nao, misumari midogo ikiwa imebanwa midomoni. Cheko lenyewe halikufika mbali. Lori alikuwa mtoto wa dada yake, na huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Mwakani umri ungemkataa hata kama angepaa. Akikosa safari hii ataendelea kubeba magunia sokoni mpaka mgongo ugome, kama wa baba yake ulivyogoma.

"Tatizo lake hana sababu ya kukimbia," Soli alisema. "Mtu mzima hakimbii hivihivi."

Lori alikuwa ameshanyanyuka kwenda kunawa mikono bombani. Spika akaona nafasi, akaanza kujisogeza. Benchi lile lilikuwa la watu wawili tu: Soli na kazi yake upande wa ukutani, na upande wa pili ni wa atakayewahi. Sheria ya kijiwe ilikuwa moja, na Spika ndiye mlinzi wake: aliyenyanyuka amepoteza. Hata kama umekwenda kuzika.

Lori aligeuka, akaona suruali ya Spika inashuka kuelekea kiti chake. Akaruka ndoo, akaruka jiko la Mama Kahawa na moto wake, akatua benchini kabla ya mwenzake.

Soli alitoa misumari mdomoni. "Mmeona? Mtoto ana mbio. Alikuwa amezificha tu."

Tangu siku hiyo mazoezi yakawa ndiyo hayo. Kila alfajiri Lori anaanzia mwisho wa mtaa, Spika anaanzia mlangoni kwake, Mama Kahawa anagonga sufuria, na anayefika kwanza anakaa kutwa nzima. Siku za mwanzo Lori alishindwa, akashinda wima.

"Vumilia," Spika alimwambia akiwa amejinyoosha. "Kahawa ya kusimama inashuka vizuri."

"Jeshini utaambiwa usimame, hapo utanishukuru," alidakia Soli.

"Nani amshukuru nani?" alisema Spika, akamgeukia Lori. "Na hizo pushapu unapiga au unabusu ardhi?"

Lori alihema, akashuka tena chini. Ila wiki zilivyosogea Soli alimrudisha nyuma zaidi, mpaka darajani, na asubuhi moja Spika alifika mbio akamkuta amekaa, mguu juu ya mguu.

"Umechelewa, mheshimiwa," Lori alisema.

Siku ya majaribio yenyewe, Soli hakuwa mtu wa kuongeleshwa. Alishona kiatu cha mteja mpaka akaziba pa kuingizia mguu. Jioni Lori alirudi taratibu, vumbi mpaka kwenye kope.

"Sema," alisema Soli.

"Mbio niliwaacha wote, Mjomba."

"Halafu?"

"Halafu pale mwisho kulikuwa na benchi."

Spika alijifunika uso. "Usiniambie."

"Afande mmoja alikuwa amenyanyuka kidogo, anaangalia saa. Nikajikuta nimekaa. Miguu ilinipeleka yenyewe. Akaniuliza, kijana, hapo ni kwa nani? Nikamwambia, afande, aliyenyanyuka amepoteza."

Mama Kahawa aliitua birika chini. Soli alihisi magunia yote ya sokoni yamemlalia kifuani.

"Akaniangusha pushapu," Lori aliendelea. "Nikapiga mpaka akachoka kuzihesabu yeye." Hapo tabasamu likamponyoka. "Alipochoka akasema Jumatatu nikaripoti, na nisimgusie tena kiti chake."

"Mjinga wewe," alisema Soli, akamkumbatia na kiatu mkononi. Alifurahi mpaka akajionea haya, akasingizia gundi kwamba inawasha macho.

Jumatatu Lori aliondoka na begi lake. Gari lilipokata kona, Spika alivuka barabara akipandisha suruali, uso umemchangamka. Alikuta sanduku la vifaa vya Soli limekaa upande wa pili wa benchi.

"Fundi, toa sanduku."

"Hapo pana mtu."

"Mtu gani? Nimempungia mkono mimi mwenyewe. Aliyenyanyuka amepoteza, sheria ni sheria."

"Huyu hakunyanyuka," alisema Soli, bila kuinua macho kwenye kiatu. "Ameitwa."

Spika alilitazama sanduku, akamtazama Soli, akajikuna kidevu. Kisha akamnyooshea Mama Kahawa mkono apewe kikombe, akaegemea ukuta.

"Pole, mheshimiwa," alisema Mama Kahawa. "Ya kusimama inashuka vizuri."